Bibi wa Kwenye Simu

Jumatatu, 4 Machi
Nimejiunga na ule mji wa kwenye simu, ambao kila mtu hujichagulia sura. Wanaume wenzangu wote wamejichagulia vifua vipana. Mimi nimejifanya bibi kizee mwenye mkongojo. Akili hiyo! Kufikia jioni nimepewa kuku, nimejengewa nyumba, nimebebewa mizigo. Nani amnyime bibi?

Jumatano, 6 Machi
Kinyozi jirani, adui yangu tangu aelekeze spika yake kwenye dirisha langu, naye yumo! Anajiita Wembe, kama mtaani. Kaja kwa Bibi, kapiga magoti. Kasema anampenda dada wa fundi cherehani, ila kaka mtu ana mkono wa birika na roho mbaya. Fundi mwenyewe ndiye mimi. Nilitamani kumtandika mkongojo. Lakini Bibi hana matusi. Nikamwita “mjukuu wangu”, nikamwambia aeleze yote. Akalia. Nami nikalia, sijui kwa nini. Nikambariki.

Ijumaa, 8 Machi
Wembe kaja dukani, shati limenyooka, kumwomba dada. Nimemfukuza. Dada ananishonea vifungo bure. Akiolewa, nani atashona?
Baadaye Wembe kaenda kumlilia Bibi. Nikamwambia huyo fundi hana utu hata kidogo. Nilisema kwa uchungu wa kweli.

Jumamosi, 9 Machi
Dada kaiona simu yangu mezani, kasoma yote. Hakupiga kelele, ndiyo maana niliogopa. Kaniuliza kaka yake ni yupi, aliyembariki Wembe au aliyemfukuza. Nikasema Bibi ni mchezo tu. Akajibu kwamba basi mchezo una utu kunishinda, akaweka sindano chini, akaenda kwa shangazi.
Nimeshona vifungo mwenyewe. Shati la mwalimu sasa linafungika shingo na mkono pamoja. Nimeona aibu, na si ya shati. Nimempigia dada. Nimekubali.

Jumapili, 10 Machi
Dada karudi, kanisamehe, kwa sharti moja: nimwambie Wembe ukweli mwenyewe. Nikaenda. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Wembe akaniwahi, akasema mgeni wa heshima harusini ni bibi mmoja mwenye busara, atakaa mbele kabisa. Mimi nimetengewa kiti cha nyuma, karibu na spika.
Nikafunga mdomo. Nikafunga na duka, nikachukua futi, nikaanza kujipima. Gauni la Bibi litakula kitambaa kingi kiunoni.
Vifungo nitamwachia dada.