Vitabu vya Ufukweni na Uso wa Mama Mkwe

Wizara ya Mapumziko iliwatangazia wananchi wote, kwa furaha kubwa na kwa vipaza sauti vitatu, kwamba kuanzia likizo ya msimu huu wa joto hakuna mtu atakayeruhusiwa kuingia ufukweni bila vitabu viwili vilivyoidhinishwa. Kimoja kiwe chepesi, cha kusoma kabla ya kuogelea. Cha pili kiwe kizito, cha kusoma baada ya chakula, saa ambazo raia huwa katika hatari ya kusinzia. Sababu ilielezwa vizuri tu. Uchunguzi wa wizara ulikuwa umebaini kwamba mwaka uliotangulia watu walikwenda ufukweni, wakajisomea walichotaka, wakafurahi, wakarudi makwao, na hakuna ofisi yoyote iliyohusishwa.

Sasa jamani, kutangaza ni rahisi. Kazi ilikuwa kujua kipi ni chepesi na kipi ni kizito, na kazi hiyo ikatua kwenye meza ya Kaimu.

Kaimu alikuwa na jina lake kama watu wote, lakini alikuwa amekaimu ukuu wa Idara ya Uainishaji kwa muda mrefu hivi kwamba hata mkewe alimwita Kaimu anapomtuma sokoni. Kiti cha mkuu wa idara kilikuwa pale pale ofisini, cha ngozi, bado kimevikwa plastiki ya dukani. Yeye alikikalia ukingoni, kwa sababu kanuni hazikusema kama kaimu anaruhusiwa kuegemea. Mgongo ulimuuma kila siku ya kazi. Alikitaka kiti kile kuliko kitu chochote, na hakuona haya kulisema.

Basi siku moja msaidizi wa Waziri akamjia, akafunga mlango, akamnong'oneza kwamba Mheshimiwa Waziri ametunga kitabu kuhusu maisha na mafanikio yake. Kitazinduliwa ufukweni siku ya kwanza ya likizo na kitapigwa muhuri wa kahawia, yaani muhuri wa vitabu vizito. Muhuri ukishakauka, Waziri atatangaza jukwaani kwamba Kaimu amethibitishwa kuwa mkuu wa idara.

"Na kisipopata wa kahawia?" Kaimu aliuliza.

"Kwani wewe una watoto wangapi?" msaidizi akamuuliza, kwa upole kabisa, kisha akaaga.

Lakini Kaimu hakuwa mtu wa kubandika mihuri hovyo. Alitaka kiti, ndiyo, ila alitaka akipate kitaalamu. Idara yake ilikuwa imeshajaribu kupima vitabu kwa wingi wa kurasa, kikaibuka kitabu cha mapishi ya keki kuwa ndicho kizito kuliko vyote nchini. Wakajaribu kupima kwa picha ya mwandishi: aliyeshika kidevu mzito, aliyecheka mwepesi. Bwana mmoja mtunzi wa vitabu vya utani akaleta picha ameshika kidevu kwa mikono miwili, utaratibu mzima ukafa siku hiyo.

Ndipo Kaimu akabuni Kipimo cha Uso. Mtu anakaa, anasoma, na maafisa wanamtazama usoni. Uso ukikunjika, kitabu ni kizito. Ukikunjuka, ni chepesi. Waziri alikipenda kipimo hicho mno, akakitia saini kiwe kanuni, na kwa mkono wake mwenyewe akaongeza kifungu kwamba uamuzi wa uso ni wa mwisho na hauna rufaa, wasije waandishi wakaanza kuleta ubishi.

Ikabaki kupata uso wenyewe. Fundi bomba waliyemjaribu alicheka hata aliposomeshwa maelezo ya dawa ya minyoo. Kaimu akaliwaza jambo hilo hadi mezani kwake jioni, akainua macho kutoka kwenye sahani, na mbele yake akauona uso uliokuwa ukitafutwa na taifa.

Ulikuwa wa mama mkwe wake. Bibi huyo alikuwa mkunga mstaafu, na tangu siku Kaimu alipokuja kujitambulisha kwao akiwa amevaa tai ya kuazima, hakuwahi kumwonyesha mkwewe hata jino moja. Angemwangalia yeye au angeangalia ukuta, mtazamaji asingejua tofauti.

Mkewe alimwonya. "Kaimu, mama yangu unamjua mezani tu. Hujawahi kumwona akisoma."

"Uso ule ni mali ya serikali," Kaimu alijibu, na akaenda kusimama mlangoni pa chumba cha mama mkwe, macho chini, mikono nyuma, kuomba kwa adabu zote. Bibi akakubali kwa sharti moja: apewe kiti cha kuegemea.

Kazi ikaanza, na ilikwenda kama ilivyopangwa. Kwa kweli ilipitiliza. Mama mkwe alisoma riwaya za mapenzi, uso ukakunjika, kahawia. Akasoma hadithi za wapelelezi, kahawia. Akasoma mkusanyiko mzima wa vichekesho vya walevi, akauliza kama walevi hao walipata matibabu; kahawia. Siku ya kuamkia likizo hapakuwa na kitabu hata kimoja chepesi nchi nzima. Idara ikatoa taarifa kwamba hali ya vitabu vizito ni ya kuridhisha sana na hali ya vitabu vyepesi inafanyiwa kazi. Kaimu hakujali. Alihitaji uso huo ukunjamane mara moja tu zaidi, na aliona jambo hilo liko mfukoni.

Siku ikafika. Watu walijaa kwenye lango la ufukwe, na taulo na watoto na miavuli, kila mmoja ameshika kitabu chake kizito, wamezuiwa nyuma ya kamba. Maji yako pale wanayaona, jua linawachoma visogo, lakini sheria ni sheria. Bila kitabu chepesi hakuna kuvuka kamba. Maafisa wa idara walijipanga mchangani na suti zao na soksi zao.

Waziri alichelewa. Alipotokea alikuja kwa miguu, suruali imelowa hadi magotini, na msaidizi nyuma yake amembebea viatu. Gari lilikuwa limekwama kwenye kijito kinachokata barabara ya kuja ufukweni, kijito kile kile ambacho kila mtu pale alikuwa amekivuka asubuhi kwa kukunja nguo. Maafisa walimpokea wakitazama juu ya kichwa chake. Itifaki haina kifungu cha suruali iliyolowa.

Mama mkwe akakaa kwenye kiti chake jukwaani, akavaa miwani, akafungua kitabu cha Waziri. Ukurasa wa kwanza, uso ukakunjika. Wa pili, ukakunjika zaidi. Kaimu alikuwa ameshaanza kuusikia mgongo wake ukizama kwenye ngozi ya kile kiti.

Kisha pembe ya mdomo wa bibi ikacheza. Mabega yakafuatia. Halafu ikatoka sauti ambayo Kaimu hakuitambua, akageuka kutazama nani kazidiwa na jua. Alikuwa mama mkwe. Alikuwa anacheka, si kicheko cha adabu, ni kile cha tumboni, cha kujifuta machozi kwa pindo la nguo.

Sasa hebu niambieni, mkwe anamwambiaje mama mkwe afunge mdomo? Kaimu alipiga goti pembeni ya kiti, jasho jembamba linamtiririka.

"Samahani mama. Labda ni jua?"

"Si jua, baba. Ni daraja."

Na kwa kuwa alikuwa amezoea kupaza sauti wodini, akawasomea wote: "Kwa uono wangu wa mbali nilijenga daraja juu ya kijito cha ufukweni, na siku ya kulifungua wananchi walilia kwa furaha, wakivuka bila kulowa hata kidole."

Watu wakatazama miguu yao. Kisha, taratibu, wakatazama suruali ya Waziri. Kicheko kilianzia kwenye kamba, kikapita kwa wauza miavuli, kikafika hadi kwa maafisa, ambao walijifanya wanakohoa.

Kaimu alisimama na mihuri miwili, wa kahawia mkono wa kulia na wa buluu, ule wa vitabu vyepesi, mkono wa kushoto. Msaidizi wa Waziri alimkaribia akasema neno moja tu, "Kahawia," bila kufungua meno. Kaimu aliogopa, tusidanganyane. Akilini aliwaona watoto wake, akakiona kiti. Lakini alikuwa na kanuni iliyotiwa saini, na kipimo alichokibuni mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu aoe alikuwa amesikia kicheko cha bibi yule, na akajikuta ana furaha ya ajabu ambayo hakujua aiweke faili gani. Akapiga moyo konde, akashindilia wa buluu.

Msaidizi akaikunja hotuba ya uteuzi, akaitia mfukoni, na Kaimu akajua kwamba kiti kimemponyoka.

"Huyu ni mkwe wangu," mama mkwe akamwambia afisa wa jirani, ambaye hakuwa ameuliza.

Nyuma ya kamba ilikuwa shangwe. Kitabu chepesi pekee kilichoidhinishwa nchini kilikuwa kimepatikana, na kwa sheria kila mtu alipaswa kuwa nacho. Maboksi yaliyoletwa kwa uzinduzi yalifunguliwa, foleni ikajipanga yenyewe, na waliotangulia walikuwa tayari wako majini hadi kiunoni, wakisomeana kwa zamu.

Waziri hakustahimili. Alinyakua kipaza sauti akasema wananchi wamepotoshwa na kwamba atawasomea mwenyewe ili wausikie uzito. Akachukua nakala mpya, akaifungua katikati, kurasa zikalia kwa ugumu kwa sababu hazijawahi kuachanishwa na mtu. Akasoma kwa sauti ya kutikisa bendera kwamba alipokuwa mchanga alikataa kunyonya hadi watoto wa jirani washibe kwanza. Akasoma kwamba neno lake la kwanza lilikuwa "maendeleo" na kwamba alilitamka kabla ya kuota meno. Sauti ikaanza kupungua. Akaendelea kusoma kimyakimya, midomo ikicheza, na ufuo mzima ukimsubiri huku umeshika mbavu. Kisha akamgeukia Kaimu, kipaza sauti kikiwa bado mdomoni.

"Nani aliandika upuuzi huu?"

Kaimu hakuwa na cheo tena cha kukilinda. Akakipokea kitabu kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akakifunga, akavaa miwani, akakikagua mbele, akakikagua nyuma.

"Kwa mujibu wa jalada, mheshimiwa," alisema, "ni wewe."