Gesi Yangu Haitoi Moshi

Jumatatu, 3 Juni
Mshonaji wa chumba cha pili amekuja kulalamika. Eti gauni la bibi harusi linanuka moshi na mwenyewe amelikataa. Ukuta unaotutenganisha haufiki kwenye mabati, kwa hiyo kinachofuka kwangu kinamshukia yeye. Akaniuliza, kwa upole wake ule unaoniudhi, kama napikia mkaa ndani. Nimjibu nini? Yeye hupikia mkaa uani, na mimi tangu mwaka jana namringia kwamba napikia gesi. Mtungi upo mlangoni, kila mtu anauona. Ni mtupu, lakini hilo ni la kwangu. Nikamwambia gesi yangu haitoi moshi, awaulize wengine. Mke wangu alikuwa nyuma yangu anakohoa. Hakunisaidia hata kidogo.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata dawa. Nimefunga saluni yangu mapema, waliotaka kunyolewa wangoje. Nikapanda mezani na kuziba ule uwazi wote wa juu kwa magunia na udongo. Dirisha nalo nikalipigia mbao, maana linatazama uani. Moshi wangu sasa ni wangu! Mke akauliza utatokea wapi. Huyu mwanamke kwa kukatisha watu tamaa hana mfano. Nikamwambia utajitafutia njia.

Alhamisi, 6 Juni
Haujatafuta. Kuta zimekuwa nyeusi kama kitako cha sufuria, na masizi yananing'inia juu na kudondokea kwenye chai. Kule saluni mteja amenusa taulo langu, akauliza kama nakaushia samaki. Nilicheka naye, ila roho iliniuma.
Binti yetu amekohoa tangu asubuhi, kifua kinapiga filimbi. Mama yake amempeleka zahanati. Daktari amesema ni moshi, jiko litolewe nje leo, na kuta zioshwe, kwa sababu masizi yanamdhuru mtoto hata jiko likiwa limezimwa. Mke akasema atalibeba uani yeye mwenyewe. Uani! Mbele ya mshonaji! Nikamwomba anivumilie hadi Jumapili. Akakubali, lakini siku hiyo jiko likiwa bado ndani, yeye na mtoto wanakwenda kwa dada yake. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

Jumamosi, 8 Juni
Daktari anataka kuta safi, atazipata. Nimenunua rangi nyeupe. Kuosha masizi kwanza ni kujichosha bure, kazi ya rangi ni kufunika. Mchana chumba kiling'aa, nikajipongeza. Jioni ukuta ukaanza kutoa jasho la manjano, kisha la kahawia, na harufu ya moshi ikarudi pamoja na ya rangi. Nikachoma udi kuziua zote mbili. Udi nao una moshi, sikulifikiria hilo.
Binti amekohoa mpaka akatapika. Nilimshika mgongo, mbavu zake zikahangaika kiganjani mwangu. Niliogopa sana. Nilitaka kuyang'oa yale magunia palepale, ila nikasikia cherehani ikilia upande wa pili, nikaona haya.

Jumapili, 9 Juni
Wameondoka. Mke alilitazama jiko, akanitazama mimi, akambeba mtoto. Binti alinipungia mkono akiwa mgongoni kwa mama yake.
Baadaye mshonaji akabisha hodi. Akasema anajua siku nyingi kwamba mtungi ni mtupu, watoto wa jirani huupiga kama ngoma. Hakunicheka. Akasema uani karibu na jiko lake pana nafasi, nilitoe langu, atanisaidia kusugua kuta, mtoto arudi kwao. Nikamshukuru. Nikamwambia mke amekwenda harusini, na gesi mpya inaletwa kesho.
Nyumba iko kimya. Sijazoea kukaa bila kile kikohozi, na sikutegemea kitaniuma hivi.
Lakini nina mpango. Nitapaka rangi mkono wa pili, mzito zaidi, wakirudi wasione doa hata moja. Nimefunga mlango mshonaji asichungulie, nimewasha jiko nichemshe chai kwanza, halafu nianze. Machozi yananitoka tu. Rangi za siku hizi ni kali mno.