Unga wa Muhogo Ndani ya Radiateri

Jumanne, 8 Julai 1986
Mutoto wetu Émérence atabatizwa Jumapili. Mama yangu yuko Nyunzu, bado hajamushika mukononi hata mara moja. Treni haitapita kabla ya siku hiyo. Kwa hiyo Casimir, bwana yangu, atamufuata na gari letu la kamionete. Shida: inachemka. Kilima cha kwanza tu, muvuke! Radiateri ina tundu dogo, maji yanavuja, mashine inakosa cha kuipoza. Jirani Florentine, akichungulia juu ya ua, ameniambia kwamba bwana yake anaweza kumuleta Mama, maana kamionete yao haijui kuchemka. Nimemushukuru sana. Afadhali nimubebe Mama mugongoni.

Jumatano, 9 Julai
Nimepata akili! Nilikuwa ninakoroga uji wa Émérence. Unga ukiona moto, unakaza. Basi, unga wa muhogo ndani ya radiateri: mashine inapasha maji, unga unavimba, tundu linaziba. Casimir alipoenda kuoga ziwani, nimetia vikombe vitatu. Nimeongeza cha nne, kwa upendo. Émérence alicheka mugongoni. Hiyo njo alama njema.

Alhamisi, 10 Julai
Limeziba! Hata tone halitoki. Casimir akashangaa, mimi nikaendelea kukoroga uji, muke munyenyekevu. Akaenda kujaribu kilima.

Akarudi kwa miguu, vijana wanaisukuma kamionete nyuma yake.

Fundi, Papa Édouard, ameshika mupira wa maji wa juu wa radiateri: moto wa kuchoma. Mupira wa chini: baridi kabisa. Akasema maji hayatembei. Kazi ya maji ni kuchukua moto kwenye mashine, kuupeleka mbele kwenye upepo, na kurudi yamepoa. Sasa moto umefungiwa ndani. Akangoja ipoe, akafungua kifuniko, akachovya kijiti, akanusa: ugali mutupu. Akamuuliza Casimir kama bukari hii wataila na samaki ao na majani ya sombe. Casimir akanitazama mimi. Mimi nikamutazama Émérence. Florentine alikuwa tayari kwenye ua, anauliza kama alete sahani.

Ijumaa, 11 Julai
Kutwa nzima kusafisha. Nimechota maji mara kumi na moja, mutoto mugongoni. Bukari ilitoka vipande vipande, kuku wa Florentine wakala. (Hata asante hakusema.) Papa Édouard ameziba tundu kwa risasi ya kuyeyusha, lakini mifereji mingine ya ndani imekataa kufunguka. Amemuambia Casimir afungue hewa ya moto ya kabini kwenye kila kilima. Ile nayo ni radiateri ndogo, inanyang'anya mashine moto wake. Mimi ameniambia: maji safi, Mama Émérence, maji tu. Akataka nirudie. Nimerudia mara tatu, kama mutoto wa katekisimu.

Jumamosi, 12 Julai
Wamefika! Mulango wa kamionete ulipofunguliwa, joto lilinipiga uso. Casimir amebaki na singlendi. Mama amelowa jasho, kitambaa cha kichwa mukononi. Akasema amepika miaka arobaini, lakini leo njo mara ya kwanza kukaa ndani ya chungu. Florentine akapiga kelele kwamba tumemuchemusha bibi ya mutoto. Mama hakumusikia. Alikuwa amekwisha kumuchukua Émérence, anamunusa shingoni. Nikalia kidogo. Nikasema ni moshi.

Jumapili, 13 Julai
Amebatizwa! Alilala mikononi mwa Mama hadi maji yalipomugusa, akalia kwa sauti ya kushinda kwaya. Casimir amenisamehe. Nimeapa mbele yake: maisha yangu yote sitatia tena chakula ndani ya radiateri. Nimeapa kwa roho yote, na nitashika.

Mchana Casimir akaingia chini ya kamionete, akatoka amenuna: mafuta ya mashine yamepungua, na leo hakuna duka. Kesho alfajiri inabidi amurudishe Mama. Sasa Casimir analala. Lakini Mama ametuletea bidoni nzima ya mafuta ya mawese, amekamua yeye mwenyewe, mekundu, safi kuliko yale meusi ya fundi. Na mafuta ya mashine yana tundu lake na kifuniko chake. Si radiateri hata kidogo.

Nimepata chupa ya kumiminia. Atakapoamka atafurahi sana.