Vitamini Zilizomwamsha Mama Mkwe

Kwa Mfamasia wa duka la dawa lililo ubavuni mwa benki,

Salamu nyingi, na pole kwa kusimama kutwa. Mimi ni yule fundi cherehani niliyekuja na utepe wa kupimia shingoni, nikaomba vitamini nzuri kuliko zote kwa ajili ya mama mkwe wangu. Naandika kulalamika kwamba ulinipa.

Tangu afiwe na mumewe, mama alikuwa anaishi kwetu, kwenye kiti cha dirishani, kwa chai na mkate, basi. Alisinzia kabla sijamaliza kumwamkia. Mke wangu alikuwa akilia jikoni akidhani sisikii. Dukani kwako nilijichagulia kopo kubwa lenye picha ya mnyanyua vyuma, ukalirudisha rafuni. Ukauliza umri wake, anakula nini, anatumia dawa gani nyingine, ukataka kwanza apimwe damu. Majibu yalipotoka ukanipa kichupa kisicho na picha yoyote, ukasema, "Hiki kinamtosha. Kidonge kimoja kwa siku, baada ya kula. Na mumpe mboga na mayai, maana kidonge si chakula." Nilikudharau. Kwa hilo tu naomba radhi. Mengine ni haya:

1. Wiki chache baadaye aliinuka kitini. Hukunitahadharisha kwamba mtu akiinuka hutaka kwenda mahali. Alikuja kibandani kwangu.

2. Alikagua kazi yangu. Suruali ya karani wa mahakama aliifumua mbele ya karani mwenyewe. "Mkwe wangu," alisema, "mguu huu unakwenda kazini, huu mwingine unarudi nyumbani." Karani alicheka sana, na ilikuwa suruali yake.

3. Nimejenga jina langu kwa neno moja, "kesho". Amelipiga marufuku. Wateja sasa wanapata nguo siku waliyoahidiwa, na wameanza kuzoea. Madhara haya hayakuandikwa kwenye kichupa.

4. Nilipojilaza mchana chini ya meza ya kukatia vitambaa, kama ilivyo haki ya kila fundi, aliniuliza kwa upole kama naumwa. Nikasema ndiyo. Akaniletea kidonge.

5. Mke wangu anaimba. Sina pingamizi, ila anaimba na mama yake, na mimi maneno siyajui.

Kwa hiyo naomba unitafutie vitamini hafifu kidogo: iwe nzuri, lakini isiwe nzuri kiasi hicho. Imfikishe mezani, isimfikishe kibandani. Kama haipo, bandika onyo: "Asipewe mtu anayejua kushona." Hilo nalo likishindikana, nitapeleka shauri kwa wakaguzi wa dawa, nidai kwamba dawa yoyote inayofanya kazi iondolewe sokoni mpaka familia zitakapojiandaa.

Nisalimie wenzako wote wa kaunta, na yule dada wa mizani aliyenipima uzito bila kuombwa.

Ni mimi, ninayeteswa na afya ya mwenzangu,

Fundi Kesho

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, mama ameaga. Amesema, "Nimepona, wanangu, sitaki kuwa mzigo," akahamia kwa shemeji yangu, mwanawe wa kiume, mtu anayenunua nguo zilizokwisha kushonwa. Karani amepita, akamuulizia, akaondoka na kitambaa chake. Jikoni haimbi mtu. Naweza kulala mchana kutwa, na usingizi hauji. Yale yote niliyoandika hapo juu yafute. Vidonge alivyoondoka navyo havitamfikisha mbali, kwa hiyo niwekee kichupa kingine, kilekile, nguvu zilezile. Usimpe mtu aniletee, nakifuata mwenyewe. Nahitaji kitu cha kushika mkononi nikibisha hodi kwa shemeji.