Uzi wa Samawati

Jumatatu, 15 Desemba
Leo tumeokota nyuzi. Ndiyo desturi ya kiwanda chetu cha mapazia. Kila mtu hutia kikapuni kipande cha uzi wa rangi yake, kisha kila mmoja huokota kimoja akiwa amefumba macho. Mwenye uzi huo ndiye utakayempa zawadi ya Krismasi, imefungwa kwa rangi yake, bila kujitaja. Niliomba moyoni nipate samawati, uzi wa Dada wa Pindo, anayeshona pale dirishani. Nampenda mno, naye hana habari. Nikafumbua macho. Kijivu! Fundi Pasi! Yaani nimnunulie zawadi mtu anayenicheka kila nikikata kitambaa kombo?

Jumatano, 17 Desemba
Nimemwomba shangazi anibadilishie uzi. Yeye ndiye mwenye kiwanda, ila kazini si shangazi. Akasema uzi ni bahati, nirudi mezani nikakate mapazia ya hoteli. Nikakata huku nikiota. Upepo ulijaa kwenye mapazia meupe, Dada wa Pindo akatokea katikati yake, akaniuliza taratibu nilijuaje anachokipenda. Nilipozinduka, pazia moja lilikuwa fupi kama sketi. Nimelificha.

Ijumaa, 19 Desemba
Nimepata dawa! Zawadi hazina majina, nani atajua? Nimenunua kikombe cha kioo cha bluu, kimechorwa mwezi. Nimekifunga kwa uzi wa samawati niliouokota chini ya cherehani yake. Fundi Pasi atajijua. Mchana nilisinzia, nikaota tunakunywa chai juu ya wingu lililoshonwa pindo pande zote.

Jumanne, 23 Desemba
Siku ya zawadi. Dada wa Pindo kapata mbili, leso ya sijui nani na kikombe changu. Akakiinua dirishani, mwanga ukapenya, bluu ikamwangukia shavuni. Roho yangu ikaelea! Kisha watu wakageukia meza ya pasi. Fundi Pasi alikuwa mikono mitupu, anajifanya anakunja waya wa pasi. Shangazi akauliza nani aliokota kijivu. Nikatazama dari. Dada wa Pindo akamwendea.

"Kaka, chukua hiki. Mimi nimepata zawadi mbili, naona kuna mtu kachanganya."

Fundi Pasi, mtu mzima yule, machozi yakamlenga. Niliona aibu. Kweli kabisa. Kwa muda.

Jumatano, 24 Desemba
Kazi nusu siku. Wawili hao wamekaa dirishani wakipokezana kikombe changu. Huyu anapuliza, yule anakunywa. Wanacheka. Nimewachungulia kupitia pazia jepesi, kila kitu kikaonekana laini na cheupe, roho ikiniuma, mpaka nikagundua kosa langu. Kikombe kilikuwa kimoja! Mwakani nitamfungia Dada wa Pindo viwili vinavyofanana. Hapo lazima ajiulize cha pili ni cha nani.