Msiba wa Injini ya Bibi Yunisi

Injini ya Bibi Yunisi ya kumenyea kahawa ilikuwa ikinguruma vizuri mno, na hilo ndilo lililomfanya Watson asimamishe pikipiki. Injini mbovu hakuwa na haja nayo. Mteja wake wa mjini Mpemba alitaka nzima. Isitoshe, uani pale kijijini Ihanda palijaa madebe ya kahawa mbivu iliyochumwa asubuhi ile, na kahawa mbivu ikilala bila kumenywa, huchacha. Mwenye haraka hana muda wa kukagua fundi.

"Shikamoo bibi. Injini yako inakohoa."

"Marahaba mwanangu. Mbona mimi siisikii?"

"Ndiyo kawaida ya mgonjwa wa nyumbani. Wenyewe mmeshamzoea."

Akaizima, akafungua plagi. Ilikuwa ya rangi ya biskuti, rangi ya afya kabisa. Watson akainama kupiga chafya, na alipoinuka alikuwa ameshika plagi nyingine, nyeusi tititi, inachuruzika. Hizo alikuwa nazo nyingi. Pikipiki yake ya zamani, ile ya kuchanganya petroli na oil, ilichafua plagi kila wiki kana kwamba imeajiriwa kwa kazi hiyo, nazo ziliingia kwenye injini ya bibi bila ubishi.

"Plagi ndiyo ulimi wa injini, bibi," akasema kwa sauti ya mchungaji. "Ikiwa nyeusi kavu, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, inachemka. Lakini hii nyeusi ya kulowana... oil imepanda mpaka kichwani. Siwezi kukuficha. Amefariki."

Akaifunga ileile chafu, akavuta kamba mara tatu. Injini ikasema pu, ikanyamaza.

Bibi Yunisi aliinusa hewa kidogo, iliyonuka oil kama ile pikipiki, akamtazama Watson, akaitazama kahawa yake.

"Amefariki," akakubali.

"Basi mimi nikusaidie kuondoa hicho chuma, nikuachie chochote kidogo..."

Hakumaliza. Bibi alishajifunga kanga kiunoni na kuangua kilio cha kuwatoa watu mashambani.

Jua lilipofika utosini, turubai lilikuwa limefungwa, na injini imelazwa kwenye mkeka, imefunikwa shuka jeupe. Mzee Nikodemo wa kanisani aliuliza umri wa marehemu.

"Miaka sita," akasema bibi.

"Mdogo sana," akasema Nikodemo, na akina mama wakafuta macho.

Watson alimvuta bibi pembeni. "Bibi, tulikuwa kwenye bei."

"Maiti haiuzwi hapa kwetu, mwanangu. Ila anayetangaza kifo ndiye anayeondoka na marehemu, bure, matanga yakishaanuliwa."

"Yanaanuliwa lini?"

"Kesho kutwa."

Injini nzima, bure, kwa kukaa siku mbili akila makande ya watu. Watson akaketi katikati ya wafiwa, akaining'iniza midomo.

Asichokijua ni kwamba Ihanda kazi za mfiwa hufanywa na waombolezaji, na anayeanza ni yule aliyeleta habari. Ile mashine ya mkono ya kumenyea kahawa, ya enzi za marehemu mumewe bibi, ilitolewa stoo, na mpini akakabidhiwa Watson. Akazungusha debe la kwanza kwa heshima, la tano kwa kupokezana mikono, la tisa kwa kutaja majina ya watakatifu.

"Kaza, baba," Nikodemo akamwambia, huku akimimina kahawa kwenye mashine. "Marehemu alikuwa na kasi kuliko hiyo."

Wengine walisaidia kuchuma, kuosha na kuanika, wakiimba. Siku ya pili wakamaliza hata ile iliyokuwa bado mitini. Bibi Yunisi hakuwahi kuvuna namna ile injini ikiwa hai.

Siku ya tatu Watson, viganja vimevimba, akaomba mwili wake.

"Kwanza heshima za mwisho," akasema bibi.

Akafunua shuka, akatoa spana kifuani, akaifungua ile plagi chafu na kufunga nyingine. Watson akaiona. Ilikuwa na duara la rangi nyekundu alilolipaka kwa mkono wake mwenyewe. Jana ilikuwa kwenye pikipiki yake.

Bibi akavuta kamba mara moja. Injini ikanguruma. Mama mmoja akazimia, wa pili akaangalia kama kuna nafasi naye azimie, na Nikodemo akaanzisha pambio.

"Amefufuka," akatangaza bibi. "Na aliye hai hachukuliwi na mtu."

"Bibi, hiyo plagi..."

"Ina nini, mwanangu?"

Watson akazitazama zile nyuso zote. "Ni nzuri."

Akaenda kwenye pikipiki. Nikodemo akainama, akachungulia. "Mbona haina plagi, fundi?"

"Fundi hakosi ya akiba," akasema bibi kwa upole. "Hebu jipapase mfukoni. Ukiipata, tuonyeshe wote, utueleze uliifungua kwenye injini ya nani."

Mfukoni, ile ya rangi ya biskuti ilikuwa ikimchoma paja.

"Sina," akasema Watson, akaanza kusukuma.

Lakini mtu wa msiba haachwi aende peke yake. Wakamsindikiza, kwaya nzima, mpaka barabara ya lami. Alipopumzika ili watangulie, apate kuifunga ile ya mfukoni, nao wakapumzika. Alipowaaga, wakamwambia asijali, hawana kazi, kahawa imekwisha. Akashika tena usukani kuelekea Mpemba, wao nyuma yake, na bibi akawaonya wale wa mbele:

"Msimharakishe. Pikipiki yake imefia ugenini."