Sakafu Yenye Nyota za Ziwa

Jumamosi, 1 Machi 2025

Nimepata kazi! Nyumbani kwa Mzee Shamshudin, yule anayeuza nyavu mjini, kwake Pasiansi. Baraza lake lina ufa. Mwembamba tu, unaanzia mlangoni unakwenda mpaka kwenye ngazi. Mimi niliuona kabla yake. Naona haya kumtazama mtu usoni, muda wote natazama chini, ndiyo maana hakuna mtu Mwanza nzima anayezijua sakafu za watu kama mimi.

Mzee alitaka niuzibe tu. Nikaugonga ufa kwa kidole, nikatikisa kichwa kama daktari. Akaanza kuogopa mwenyewe. Mpaka naondoka, tumekubaliana baraza zima linavunjwa, linapigwa niru mpya nyekundu, ile saruji ya juu, laini kama kioo, wageni wa futari waione. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema ukuta anaujenga nani. Ni mimi!

Na imekuja wakati wake. Kakaangu Chenge kapiga simu kutoka Kisesa. Kasema mwaka mzima niko mjini nabeba zege la wenzangu. Anakuja Jumapili ya tarehe kumi na sita. Akinikuta sina kazi inayoitwa yangu, narudi naye kuchunga ng'ombe. Wale ng'ombe wanajua siwapendi. Wananikanyaga makusudi.

Jumatatu, 3 Machi

Nimevunja baraza. Katikati nikagundua zege la chini ni zima, gumu kama majabali ya mlimani. Ufa ulikuwa wa juu juu. Nikavunja haraka zaidi, Mzee asije akaona.

Nkwabi kapita. Nkwabi ndiye fundi mkubwa hapa mtaani. Ana pima maji ndefu, anatembea nayo hata akienda kununua vocha. Kasimama getini anacheka. Kasema ufa ule ungechimbwa kidogo, ukalowanishwa, ukazibwa, saa ya chai kazi imekwisha. Nikamjibu vikali. Hapana, sikumjibu. Lakini nilivitazama viatu vyake vibaya sana.

Jumatano, 5 Machi

Balaa.

Asubuhi nimemwaga zege. Mchana nimepiga niru. Jamani! Nyekundu, laini, mawingu unayaona humo ndani. Sana, binti wa Mzee, kaja kutazama, kasema hajawahi kuona baraza kama hili. Nikasema ndiyo. Jua linazama, niru bado mbichi. Adhana ikalia. Mzee akawasha taa zote za barazani, ili wageni wanaopitia mlango wa uani waione kwa mbali.

Ndiyo wakaja. Wadudu wa ziwani. Tangu alasiri nilikuwa naona kama moshi unapanda juu ya maji, nikajua watu wanachoma nyasi kisiwani. Wakafuata taa. Wakajaa, wakachoka, wakaanguka, wote kwenye niru yangu, kama mtu anamwaga ufuta. Nikapunga shati. Nikapuliza. Nikawaomba. Kila niliyemtoa kwa kidole aliacha shimo. Mwisho nikachukua mwiko, nikawalaza wote humo humo, nikasawazisha juu, nikakimbia bila kuaga. Walikuwa wameniwekea futari. Kulikuwa na magimbi ya nazi.

Nimefunga begi. Nimeanza kukumbuka majina ya ng'ombe.

Alhamisi, 6 Machi

Nilirudi kuchukua mwiko tu. Nilipanga kupita nimeinama kama paka. Nikamkuta Mzee barazani, kavaa miwani, kainama na yeye. Sana yuko pembeni na simu. Na Nkwabi getini, atakosaje.

Nikaiambia sakafu shikamoo. Mzee akaitikia marahaba. Halafu akauliza:

"Bwana mdogo, hizi nukta umeziweka wewe?"

Nikainama kuuokota mwiko.

"Baba, si nimekwambia hii ndiyo ya kisasa," Sana akasema. "Tazama zilivyotawanyika. Kama nyota juu ya ziwa."

Kumbe wadudu wamekauka weusi wenye kijani kwa mbali, na nilivyopitisha mwiko mbawa zimelala, zinameremeta! Mzee akapapasa kwa kiganja. Laini. Akasema siku nyingi anatamani terazo, ile sakafu ya vijiwe vya rangi, na hii imeizidi terazo. Akaniita fundi. Mbele ya Nkwabi!

Nkwabi akaingia, akachuchumaa, akatazama sana. Akainuka taratibu.

"Dogo," akasema, "terazo yako ina miguu."

Hakuna aliyemjali. Na mimi leo sijasema uongo hata mmoja. Sijasema kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Ushindi! Sana kaweka picha mtandaoni, kaipa jina Nyota za Ziwa. Watu wanavulia viatu getini. Mama mmoja kaniuliza siri ni nini, nikatazama chini, akawaambia wenzake huyu fundi ni wa siri sana. Kumbe haya ni mtaji!

Kaja Mama Odeta, mwenye mgahawa wa sato kule ufukweni. Anataka sakafu hiyo hiyo, mgahawa mzima. Kasema Nkwabi alishakwenda kumpimia, kamrudisha na pima maji yake. Nkwabi kanyimwa kazi kwa ajili yangu! Nimezunguka njia ndefu ili nipite mbele ya nyumba yake. Hakuwepo. Kesho napita tena.

Jumatano, 12 Machi

Wadudu hawaji.

Tangu juzi nawasha taa pale mgahawani, nakaa na mwiko tayari. Anakuja mmoja, ananiangalia, anaondoka. Mama Odeta kasema wale hupanda ziwani mwezi ukiwa umekufa, na sasa mwezi ni mkubwa kama sinia. Kaniuliza wadudu nawatakia nini. Nikatazama chini.

Nikafikiri. Kitu gani cha ziwani ni kidogo, kinameremeta, na hakingoji mwezi? Dagaa! Jioni hii nimepiga niru, nikawatwanga dagaa wakavu, nikanyunyiza juu, nikalaza kwa mwiko. Inameremeta kuliko ya Mzee. Harufu ipo, lakini ni mgahawa wa samaki, nani atashangaa. Nimemwambia Mama Odeta mtu asikanyage mpaka kesho. Kaniapia hatakanyaga mtu.

Alhamisi, 13 Machi

Mtu hajakanyaga. Wamekanyaga korongo.

Wale ndege wakubwa wenye kipara na mfuko shingoni, wanaoshinda pale ufukweni wakigombea matumbo ya samaki. Wamefuata dagaa. Niru bado mbichi, wao wamo ndani wanadonoa, wanatembea polepole kama wakaguzi wa afya. Nyayo mstari mmoja, toka mlangoni mpaka jikoni. Na zimekaukia humo.

Mama Odeta kashika kiuno, kamwaga Kisukuma ambacho hata bibi yangu alikuwa anakikwepa. Mimi niko nyuma ya friji. Nkwabi kaja bila kuitwa, kalaza pima maji, kasema hapa dawa ni kuvunja, na yeye yupo. Mama Odeta kakubali. Ila Jumamosi ana sherehe ya kumuaga bibi harusi, watu wameshaalikwa, kwa hiyo nyundo inaanza Jumapili.

Jumapili anakuja Chenge. Basi. Nimefunga begi tena.

Jumapili, 16 Machi

Naandika nikiwa nimeshiba sato, sato wa bure, na kichwa nimekiweka juu!

Nilikwenda kuomba radhi kabla kaka hajafika. Mgahawa umejaa mpaka nje. Kumbe jana kwenye sherehe bibi harusi alianza kucheza kwa kufuata nyayo, hatua kwa hatua, shingo mbele kama korongo, ukumbi mzima nyuma yake. Picha zimezunguka mji. Leo watu wanakuja na watoto. Wanaagiza samaki ili wapate kukanyaga.

Nkwabi alikuwa kasimama mlangoni na nyundo. Mama Odeta akamwambia:

"Nkwabi, ukigusa kidole kimoja cha korongo wangu, samaki utakwenda kula ng'ambo, Sengerema."

Nkwabi akasema kwamba huyu dogo hajui kitu, ni ajali tu. Mama Odeta akamwambia basi na yeye apate ajali kama hiyo, wateja wanamngoja. Watu wakacheka. Nilimwonea huruma kidogo. Ikapita.

Hapo ndipo Chenge alipoingia. Mrefu, fimbo mkononi, vumbi la Kisesa mpaka kwenye nyusi. Chenge hadanganyiki kwa nyayo. Ng'ombe akipotea, yeye anamfuata kwa kwato mpaka kwa mwizi. Akainama, akafuata mstari wa nyayo mpaka jikoni, akarudi. Akasimama mbele yangu.

"Hawa ni korongo. Wa kweli."

Nikatazama chini.

"Na wamepita mstari mmoja. Umewachunga bila kamba?"

Sikusema kitu. Kitu hicho hicho kilichonisaidia siku zote!

Halafu kakaangu, ambaye tangu utoto ananiita Zembe, akasema yeye ng'ombe tu humtoa jasho, na mimi nachunga ndege. Akavua kofia. Akasema hanirudishi kuchunga, mtu wa hivi kumpa fimbo ni kumpoteza. Ila anaomba, kama fundi nina nafasi, nikamjengee birika la kunyweshea ng'ombe.

Kaomba! Nikamwambia nitaangalia nafasi.

Jumatatu, 17 Machi

Naondoka na Chenge. Nakaa mbele, kwenye lori, pembeni ya dereva. Mwiko wangu nimeushika mkononi watu wauone.

Nimekaa nimeyatafakari yote yaliyotokea, toka ufa mpaka korongo, nione kuna funzo gani. Funzo lipo moja: mimi nina kipaji. Kwa hiyo birika la kaka haliwezi kuwa birika la kawaida. Ng'ombe wanapenda chumvi kuliko kitu chochote, kila siku Chenge anahangaika kuwapelekea. Nitaichanganya humo humo kwenye zege. Watakunywa na kulamba sehemu moja, na mwishowe watanipenda.

Nkwabi, nilipompitia kumuaga, kasema chumvi inaharibu zege, na ng'ombe wataanza na ukingo, mpaka Pasaka watakuwa wamelimaliza birika zima.

Wivu. Tangu lini ng'ombe akala zege? Nimenunua gunia zima.